Papa Alinilipia Nauli

Miezi mitatu tuliimba bahari
darasani Chwele, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi,
na Mwalimu Nalianya, kalamu hewani, akituambia:
"Mawimbi! Fikirieni mahindi, upepo ukiyapitia."
Tukafikiria mahindi.
Tukapanda, tukashuka, tukapanda,
shamba zima likatutoka kinywani.

Treni ilitushusha Miritini saa nane mchana
tumevaa sweta za sufu, za kijani, za lazima.
Joto halikubisha hodi.
Lilitupitia shingoni likateremka hadi ndani ya soksi,
na Nasipondi, sauti ya kwanza, fahari ya shule,
akauliza ni nani aliyesahau kuzima jiko.

Tulilala Tudor, shule ya wenyeji, magodoro sakafuni,
madawati yamepandana ukutani,
feni moja darini ikihesabu usiku kwa kwikwi.
Hapo ndipo Shee aliponiuliza
ni nani aliyenilipia safari,
nami nikajibu kwa neno la nyumbani:
"Papa. Papa alinilipia nauli."

Kimya kidogo. Kisha chumba kizima kikaanguka.
"Papa huyu wa baharini? Pesa kazitoa wapi?
Kwenye pezi?"
Nikacheka nao; ukichekwa, kucheka ni nafuu.
Lakini usingizini nilimwona baba
akiingia soko la Chwele na pezi mgongoni,
akimvuta kwa kamba yule ndama mwekundu
tulioahidiwa kwamba haondoki.

Asubuhi, kabla ya zamu yetu, tulipewa saa moja ya mji.
Mwalimu alikataza barafu, akakataza pilipili,
akakataza kupiga kelele.
Mabuyu hakuyataja.
Mji wa Kale, barazani kwa Bi Rukiya,
tulinunua vifuko ishirini na vinane,
tukafyonza hadi kokwa.
"Mwaimba nini, wanangu?"
"Pahari," tukasema.
Akamshika Nasipondi kidevu kama anayemkagua meno:
"Ba. Bana midomo, kisha iachie.
Ba. Hari. Haya."
Na uchochoro ule mwembamba, leso zikikauka juu yetu,
ukatusikia wote, watu wa bara,
tukisema ba, ba, ba,
hadi paka akaondoka.

Jukwaani tulipofungua vinywa
majaji watatu waliinama mbele:
ndimi zote nyekundu,
kama tuliolamba taa za breki.
Bahari ilitoka bahari. Niliisikia.
Ila ubeti wa tatu tuliukimbiza,
kipaza sauti kikakohoa,
tukawa wa sita kati ya shule tisa.
Karatasi ya majaji ilisema:
Matamshi safi. Mawimbi hayana maji.

Mwalimu aliikunja mara nne, akatupeleka Likoni.
Tulivuka kwa feri, tukarudi, tukavuka tena;
hatukuwa na mtu wa kumwona ng'ambo,
na kwa aendaye kwa miguu ni bure.
Alishika chuma cha pembeni, viatu vyake vinang'aa rangi,
muda mrefu hakusema.
Kisha, si kwetu: "Hata mimi. Hata mimi sikuwa nimeiona."

Maji hayakupita kama upepo.
Yalikuja kutoka chini, yakatuinua kwa nyayo,
sisi, malori, mkokoteni wa vitunguu,
yakatushusha bila haraka.
Yalipumua kwa tumbo,
vile tulivyofundishwa sisi tukashindwa.

Chwele. Baba ananipokea stendi,
anachukua mkoba, anauliza niliona nini.
Natafuta neno njia nzima.
Zizini kamba ipo.
"Papa," nasema, "kule jina lako ni samaki,
meno safu kwa safu."
Anacheka hadi anashika kofia.
"Basi wangenipa bei nzuri," anasema,
na hapo anajua kwamba najua,
tunatazama kando, kila mtu upande wake.

Upepo unapita shambani.
Mahindi yanapanda, yanashuka,
na kwa mara ya kwanza nasikia
yanavyoukimbiza ubeti wa tatu.