Kwa Halideni, Namba Tano

Mbukwa, Halideni.
Sikujui. Nazijua soli zako.
Robota lilipasuliwa Sabasaba, Jumanne asubuhi,
watu wakagombania jinzi na makoti,
mimi nikainama kama kawaida yangu
nikaokota daluga zako, zimefungwa kwa kamba zake zenyewe
kama kuku wawili wa mnada.
Elfu nne na mia tano, akasema. Nikatoa elfu nne.
Akalaani, akapokea.

Chini ya ulimi pana wino: HALDANE 5.
Ndani, muhuri wa duka, herufi zimeliwa na jasho.
Padri Mnyawami, aliyesoma huko ujanani,
alivaa miwani akasema: Uskoti, mji wa pwani,
upepo wake humtoa mtu machozi na hajafiwa.
Nikamwambia, kama wetu wa Agosti, Padri.
Akasema, kama wetu, ila umelowa.

Mwaka wa thelathini na moja huu nakaa Majengo,
mgongo kwenye ukuta wa mashine ya kukoboa,
na viatu hunisimulia bila kuulizwa.
Mshambuliaji hula ncha.
Winga hula ukingo wa ndani.
Wewe umekula kisigino, cha kulia zaidi, upande wa nje:
mtu wa kurudi kinyumenyume,
macho kwenye hatari, goli mgongoni.

Njumu moja ya kushoto si ya kiwandani.
Basi hukuwa tajiri,
na huko nako yupo fundi.
Kama yu hai, msalimie. Mkono wake mzuri,
ila pale kidoleni alivuta uzi mno.
Na hapo hapo ngozi imetuna:
ulicheza na kidole kilichovunjika,
msimu mzima, nadhani, na hukumwambia kocha.
Nani angeandika?
Goli lina mwenyewe.
Mpira uliookolewa mstarini hauna jina la mtu.

Nikamuuzia Ndahani Chitema,
mpakia makreti ya zabibu kutoka Hombolo,
beki wa kati wa Kizota.
Alilipa mia tano kila Jumamosi, mara nyingine alilipa samahani.
Misimu minne alizivaa
kwenye uwanja usio na nyasi, wenye mbigiri,
ambako ukianguka unachunwa
na vumbi linafika golini kabla ya mpira.

Fainali na Nkuhungu. Dakika za majeruhi.
Krosi ya chini, Ndahani anarudi, anarudi,
ananyoosha mguu kuokoa
na mpira unaingia.
Alijifunga.
Mpira unadunda, tulisema siku hiyo.
Kesho yake hakuna aliyesema hivyo.
Mama muuza mlenda alimpimia kwa kopo dogo.

Jumatatu akaja, akaziweka mbele yangu.
Fundi, zikate. Zitoe ndara za mtoto.
Nikashika kisu, Halideni. Sikudanganyi, nilikishika.
Kisha nikageuza ya kushoto
nikamwonyesha kitu nilichokiona siku ya robota
nisikielewe:
rangi nyeupe, kavu, imeng'ang'ania kwenye soli,
rangi ya mlingoti wa goli.
Beki hapigi teke mlingoti wake mwenyewe
bila sababu.

Ndahani akaisugua kwa kidole gumba. Haikutoka.
Akacheka kidogo, kwa pua.
Na huyu?
Na huyu, nikasema.
Kisha nikaifungua ile njumu ya fundi wako, polepole,
nikampa ashike soli aangalie mwenyewe:
rangi imepita hadi chini yake.
Maana yake mlingoti ulitangulia
na njumu ikafuata.
Maana yake baada ya siku ile
ulizibeba ukaenda kwa fundi,
ukakaa kwenye kibao chake, ukasubiri.

Mashine ilikuwa inakoboa, pumba zinatuangukia mabegani.
Ndahani akauliza, njumu moja kubadilisha ni bei gani?
Elfu moja, nikasema.
Alikuwa na mia saba.