Noti ya Jokofu

Mchana natengeneza majokofu.
Nakwangua kutu, naongeza gesi,
Mwanamize wa samaki aniambia mashine ilikohoa jana
nami naweka sikio kwenye bati kama mkunga.
Usiku, chumba hichohicho cha barafu, nyuma ya soko la Malindi,
ni chetu hadi saa tisa,
kwa sharti tusikalie masanduku ya nguru
na swichi tusiguse.

Tuliufuata unene wa kuta.
Tukaleta magodoro matatu ya gesti, maikrofoni mbili,
na kompyuta ya Mbodze iliyong'oka herufi M.

Bwanaheri, mtoto wa muuza halwa wa Langoni,
alifukuzwa bendi ya polisi
kwa kuongeza noti mbili kwenye wimbo wa kwata.
"Askari mmoja aliingia mtaroni," asema, bila majuto.
Saksafoni yake aliiuza Mwitaliano aliyefunga hoteli;
kitufe kimoja kimeshikwa na mpira wa ndara,
na ikipanda juu sana hutoa pumzi tu.

Nyevu alikuja na kinu.
Kinu kizima, kizito, kwa tuktuk kutoka Ganda,
na michi miwili, na wimbo wa bibi yake wa kutwanga
usio na mwanzo: unaudandia.

Wiki mbili tuligombana.
Ngumbao alihesabu nne kwa kayamba.
Bwanaheri aliandika karatasi, akaichana.
"Moja iko wapi?" aliuliza.
"Moja ya nini? Mchi wangu ukishuka, wako unapanda.
Tukigongana, umekosea. Hiyo ndiyo hesabu."
Akampa mchi.
Alitwanga kama mtu anayeua nge.
Usiku wa tatu aliuweka chini, akashika saksafoni,
akapuliza, akanyamaza kwa upana wa mchi mmoja,
akapuliza.
Nyevu hakumtazama. Aliongeza mahindi.

Nami mwenye besi, simu ikiwa imezima,
nilikaza nyuzi kwa kufuata jokofu.
Linavuma noti moja, chini kidogo ya la,
noti isiyo ya piano yoyote.
Wote tukaifuata.
Kijana mmoja akaleta kinanda chake cha umeme
kikasikika kama shahidi wa uongo.

Wimbo wa saba, saa saba na dakika arobaini, stima zikapotea.
Jokofu likashusha pumzi.
Kompyuta ilikuwa na betri; ikaendelea kusikiliza.
Barafu ina saa nne, najua, ndiyo kazi yangu,
nilipaswa kukimbilia jenereta,
lakini mchi haukusimama
na ile noti iliyokwisha kuondoka
sote bado tulikuwa tumesimama juu yake,
kama mtu aliye darini wakati ngazi inachukuliwa.
Kisha tone.
Tone la maji juu ya bati, kati ya mchi na mchi,
likapata nafasi yake bila kufundishwa.

Ukisikiliza vizuri, mwishoni besi haipo.
Kuna ndara zangu zinakwenda mbio,
mlango, na dunia ya nje inaingia na mbu wake.
Tuliuacha hivyo.

Nguru wa masanduku mawili walilainika.
Elfu nne na mia sita, tulilipa kidogo kidogo,
tukiuza flashi kwenye meza ya achari.
Bwana mmoja wa Nairobi alipiga simu:
mnapiga nini hasa, niwaweke kabati gani?
Ngumbao akamwambia, la samaki.
Hajapiga tena.

Juzi Mwanamize aliusikiliza, simu imeegemea mizani,
kisu mkononi, magamba hadi kwenye kiwiko.
Kayamba haikumgusa. Saksafoni haikumgusa.
Ilipofika ile pumzi akainua kichwa.
"Hapo imezima."
"Hapo."
"Na mkaendelea."
Akarudisha nyuma kwa kidole chenye damu,
akaisikia ikizima mara ya pili, ya tatu,
mteja amesimama na mfuko wazi.
Nilikuwa nadaiwa bado mia sita.
"Basi, ziache," akasema.
"Lakini swichi, msiguse."