Nyuma Ndiko Mbele

Injini ya zamani tuliitoa Jumanne,
mimi na mjomba Delmer, kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya banda.
Ikaning'inia ikidondosha oili nyeusi
ndani ya trei ya kuokea
ambayo shangazi Wanda alikuwa bado anaitafuta.
Miaka thelathini na mmoja ilipanda kilima hiki cha West Virginia
ikibeba majembe, mashada, turubai za mazishi,
na wafiwa wenye magoti mabovu.
Gari la gofu ambalo halijawahi kuuona uwanja wa gofu.
"Angalau imefia makaburini," mjomba akasema,
akaifunika gunia.

Mpya haikuwa mpya.
Ilitoka kwenye mashine ya theluji ya Orville Teets,
aliyeiuza kwa dola arobaini na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi,
akaapa kwa jina la mama yake
kwamba haitoi moshi hata chembe.
Mama yake amelala safu ya nne, karibu na uzio.
Mjomba, aliyemchimbia, hakusema kitu.
Alihesabu noti.

Matundu manne chini ya injini,
matundu manne kwenye chesisi,
na hakuna tundu lililomjua mwenzake.
Tukapima kwa kadibodi ya boksi la nafaka,
tukahamishia alama kwenye bamba la chuma
lililokuwa mlango wa jiko la kuni.
Drili ikalia hadi jirani akafunga dirisha.
Vipande vya chuma, vyembamba, vya moto,
vikaruka ndani ya soksi zangu.
Na bado tulikosea, upana wa ukucha.
"Ukucha tu," akasema,
kisha akaupima mkanda kwa jicho moja, akanyamaza,
akaanza kutoboa upya.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Kazi yangu ilikuwa kushika tochi
na kutosikia matusi.
Klachi iliingia kwenye shafti kwa nyundo,
kwa grisi, kwa jina la Mungu likitajwa isivyofaa.
Usiku vidole vyangu vilinukia petroli
na nilivinusa kitandani, kwa siri, kwa fahari.

Jumamosi ikawaka kwa mvuto wa tatu.
Sauti nene, isiyolingana na umbo,
kama mbwa mdogo aliyeazimwa koo la mbwa mkubwa.
Mjomba akaketi, akasukuma gia kwenye MBELE,
akakanyaga.

Gari likarudi nyuma.

Likapita ndoo, likapita toroli,
likaponda kichaka cha waridi
na kusimama, kwa adabu kabisa, mguuni pa jiwe la Crites.
Injini ya theluji huzungukia kushoto.
Marehemu wetu alizungukia kulia.
Siku nne za bolti na nati,
na hakuna aliyefikiria kuuliza hilo.

Nikangoja spana iruke.
Haikuruka. Alitafuna njiti ya kiberiti.
Akavuta gia kwenye NYUMA
na gari likaondoka, mbele, likapanda mlima
kana kwamba halijawahi kufanya vingine.
Jioni alileta kopo la rangi nyeupe
ili abadilishe yale maneno mawili.
Akalifungua, akalikoroga kwa kijiti. Kijiti kilisimama wima.
"Imekauka," akasema. Maneno yakabaki yalivyo.

Jumapili akaja Bi Ilo Crites,
miaka tisini na miwili, na chungu cha jerani mapajani.
Akatazama mkono wa mjomba, akatazama maandishi,
akatazama njia ikija upande wa uso wetu.
"Delmer, umeweka nyuma."
"Shika maua yako, Ilo."

Tukapanda.
Mkanda ulipiga mluzi kwenye kona,
na tulipofika safu ya nne, karibu na uzio,
pale pale mbele ya mama yake Orville,
injini ikakohoa
na kutoa moshi. Wa buluu. Si mwingi.