Viwanja Visivyo na Udongo

Mchana naandika viwanja.
Kitalu F, Ipuli, namba mia mbili na nane,
mita ishirini kwa thelathini,
kaskazini Mihayo, kusini njia ya miguu.
Wino wa serikali, muhuri, saini, karibu mwingine.

Usiku nanunua majina.
Nyamizi akishalala nafungua simu chini ya shuka
nione kama "tumbakusafi" bado halina mwenyewe.
Halina. Elfu ishirini na tano kwa mwaka, nalichukua.
Sijui nani atalitaka. Ndiyo biashara yenyewe:
kukaa mlangoni pa neno
ukimsubiri mtu ambaye hajajua kuwa analihitaji.

Ninayo sitini na matatu.
Hayapaliliwi, hayaoti majani,
ila kila mwaka yanadai ada kama watoto wa bweni,
na lisilolipiwa hufa usiku wa manane
bila turubai, bila msiba.

Wataalamu wanayaita vikoa.
Nami nimekulia Kanyenye, kikoa nakijua:
leo tunakula kwenu, kesho kwetu.
Hiki cha sasa nala peke yangu,
au tuseme bado nanawa.

Nililouza ni moja, "nyukiwamiombo".
Milioni tatu na laki mbili, kwa siku moja,
mshahara wangu wa miezi minne.
Jioni hiyo hiyo nikaandika barua,
Yah: Kuacha kazi,
mistari mitano kwa miaka kumi na mmoja,
nikaificha kwenye jalada la Kitalu K
ambalo halifunguliwi na mtu, maana lina kesi.

Nyamizi nilimwambia Jumapili, akichambua karanga.
Hakupaza sauti.
Akageuza risiti ya Luku, akaanza kugawa:
miaka mitatu, toa ada, toa bando.
"Elfu kumi na sita kwa mwezi," akasema.
"Kuku wangu wanakushinda."
Nikasema mbegu haipimwi kwa mizani.
Akasema, "Mbegu ya nini, umeipanda wapi?"
Akarudi kwenye karanga.

Lakini si hesabu iliyonikalia kooni.
Ni yule katibu wa warina asali, Lugendo, wa Sikonge,
aliyepiga simu baada ya kulipa.
Kikundi chao kinaitwa hivyo
tangu mizinga ikiwa ya magome.
"Jina letu ulilipataje?" akauliza,
bila ugomvi, kama mtu anayeulizia njia.

Nikajibu, "Niliwahi."

Niliwahi.
Neno hilo hunifikia dirishani kila wiki
kutoka kwa mabwana wenye viatu visivyojua vumbi la Tabora,
waliojua lami itapita wapi
kabla ya mwenye shamba.
Nawagongea muhuri, nawasonya moyoni.

Leo ada zimeiva.
Nimekaa na orodha, nayapitia moja moja
kama muuguzi wa zamu.
Hili ni duka la mtu pale Gongoni.
Hili ni kwaya.
Hili ni ukoo mzima, hai, wenye makaburi na wajukuu.
Nimeyaacha yafe yarudi kwao, wakiyaona.
Niliyoyatunga mwenyewe, yasiyo na mtu nyuma yake,
"keshotena", "chumvindogo", "nusunjia",
nimeyalipia.
Yamebaki kumi na tisa. Kumi na tisa hayalishi nyumba.
Au yatalisha, kwa kuwa sasa ni yangu kweli?
Hilo risiti ya Luku haikulijibu.

Asubuhi nimelivuta jalada la Kitalu K.
Bi Zuwena wa masijala akanitazama juu ya miwani:
"Humo unatafuta nini wewe?"
"Kuna jina limekosewa herufi," nikasema.

Nikaisoma barua nimesimama.
Kila kitu kipo, cheo, namba ya ajira, ahsante zangu.
Tarehe tu ndiyo sijaiandika.
Nje ya dirisha foleni imeshafika kwenye ngazi,
na kalamu ninayo mkononi.