Zamu ya Nani

Digrii arubaini na saba nje, Izki, mwezi wa Julai.
Lami ya maegesho inang'ang'ania kandambili.
Ndani ya ami yangu Muhenna, thelathini na saba,
kama jana, kama siku alipozaliwa Wete,
kama alipofika huku na sanduku la bati
na Kiarabu cha kukwaruza.

Nani anaishikilia namba hiyo?
Namuuliza nikimfunga mkanda wa gari.
"Iulize ngozi. Mimi nilikuwa mgawa maji tu."

Miaka ishirini na sita, arifu wa falaji:
mchana kijiti na kivuli chake, usiku nyota,
huyu athari moja, nusu saa, yule athari mbili,
mjane asipunjwe, tajiri asijiongeze.
Anafungua kwa jembe, anaziba kwa tope na tambara.
Watu wakalala. Mitende ikanywa.
Nani huamka kushukuru kwa usiku usio na ugomvi?

Na figo zake zilikuwa vivyo hivyo,
mbili, kila moja kiasi cha ngumi,
zikikesha bila posho:
chumvi hii ibaki, ile ipite,
maji haya yarudi,
damu isiwe uji, isiwe chai.
Ukila halwa, ini linaweka akiba;
ukifunga mpaka magharibi, linatoa kidogo kidogo.
Ukiingia benki, kwenye baridi ya kiyoyozi,
vinyweleo vinasimama kama askari aliyesikia jina lake.
Hali hiyo tunaiita "mzima, alhamdulillahi",
tukidhani ni kutulia.
Mwangalie aliyebeba mtungi kichwani:
maji hayamwagiki,
lakini shingo haiachi kuhesabu.

Kisha arifu wa ndani akafa.
Sukari ilimla taratibu, miaka, bila kelele.

Sasa Jumapili, Jumanne, Alhamisi.
Kwanza mizani: kilo mbili na nusu zimezidi,
maji matupu, yasiyo na pa kwenda.
Haba na haba hujaza kibaba.
Darasani tuliiandika kwa mwandiko mzuri;
kwetu sasa methali hiyo ni kifundo cha mguu,
ukikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Na tende amekatazwa. Mtu wa Izki, tende!
Potasiamu, alisema daktari,
moyo unaweza kusahau pigo.
Ami akatazama dirishani, vikole vimeinama kwa uzito.
"Hii yote nimeinywesha mimi," akasema,
"leo hainitaki mezani."
(Ijumaa nilimpa nusu ya khalasi moja,
nikaikata kwa kisu cha vitunguu.
Usimwambie mtu.)

Sista Bindu anachoma sindano mbili,
ya kutolea na ya kurudishia.
Mashine ina kimo cha friji, ikikosea inalia.
"Zangu hazikulia hata siku moja," anasema ami.
Ndiyo maana hatukujua, nataka kumjibu,
lakini anahesabu:
muda wa saa nne, athari nane.
"Kwa athari nane nilinywesha shamba zima la Shinuna,
na nikabakisha."
Halafu analala, mdomo wazi,
damu yake ikizunguka nje kwenye mirija
kama mgeni anayetafuta nyumba.

Usiku, baada ya Isha, binti yangu Rayya anamkalia ubavuni.
Ami anamnyooshea mkono wa kushoto,
pale mshipa ulipoungwa na mshipa mwenzake
na damu inanguruma mchana na usiku.
"Weka sikio."

Mtoto anaweka. Anaacha hata kutafuna.
"Kuna maji yanapita chini ya ardhi," anasema.

"Ehe. Na zamu ya nani saa hizi?"

Rayya anageuka kutazama saa ya ukutani,
anafikiri, kweli kweli anafikiri.