Maji ya Kuchemsha

Sahani nyeupe imezama mita nne, ikapotea.
Mwaka jana mwezi huu, kamba ilifika fundo la kumi na moja.
Hamenya, mkono kwenye injini, hakuuliza kitu;
alitema ziwani, kisha akajuta kutema,
akaniangalia kama mtu aliyetukana mbele ya mkwe.

Niliandika: Katonga. Saa moja na robo asubuhi.
Nne. Upepo umekufa, leo siku ya sita.

Utando unafuata ubavu wa boti,
rangi ya mboga iliyolala.
Watoto wa pwani wameuita rangi ya shule
kwa sababu ya mlango wa darasa la tatu.
Wanauchora kwa vijiti. Nawafukuza.
Wanarudi.

Usiku, chini ya hadubini:
nyuzi, nyuzi, nyuzi,
shanga zilizotungwa na mkono usiochoka,
na baada ya kila shanga nane, tisa,
moja nene, angavu,
inayonasa hewa na kuwalisha ndugu zake.
Nimezitia iodini, zimegeuka chai ya rangi.
Nahesabu kwa kidole gumba kwenye kibonyezo,
tik, tik, hadi umeme ukatike,
nasubiri gizani na namba mdomoni
nisije nikaimeza.

Tabu ni hii:
kuna uzi wenye sumu na uzi usio nayo,
ziwa moja, sura moja, shanga zilezile.
Jicho halitofautishi, hata jicho la kioo.
Sampuli niliyoituma Dar kwa treni
ilifika Tabora barafu ikiwa maji,
nikaambiwa nitume nyingine.

Mbuzi wa Ntakije alikufa Jumanne, karibu na maji.
Mwenyekiti wa mtaa anataka neno moja.
Ndiyo, Dokta, au hapana?
Neno langu lina kurasa thelathini
na katikati ya kila ukurasa, labda.
Usilolijua, walisema, ni usiku wa giza.
Hili nalijua nusu.
Nusu ya usiku wanaiitaje?

Nimepita nyumbani na buti zangu mbichi.
Mwakeye, mama.
Ameinama kwenye jiko, sufuria inachemka,
saa ya ukutani ameigeuza imtazame.
Dakika ishirini, hapunguzi hata moja
tangu kipindupindu cha mwaka ule,
tangu Zebida
aliyekunywa kikombe kimoja akitoka kucheza.
Mama huchemsha hata maji ya kunawa.
Alinilea kwa mvuke.
Nilipokwenda chuo kikuu alinifungia sufuria
ndani ya shuka, kama mwali.

Nifanyeje nimwambie?
Kwamba hawa si wale.
Kwamba moto unawaua, ni kweli,
lakini wakifa wanapasuka
na walichokificha kinabaki majini,
hakina rangi, hakina harufu,
na hakijali dakika ishirini.

Nilimwambia. Nilitumia maneno mengi,
nikasema labda mara tatu, nikasema ikiwa.
Alisikiliza akifuta kifuniko kwa upindo wa kanga.
"Kwa hiyo moto umeshindwa."
Si swali.
"Kwa haya, mama. Si kwa yale."
"Na bomba?"
"Bomba hutoka Jumatano."
"Leo?"
"Ijumaa."

Akaitazama saa.
Zilibaki dakika tatu, akazingoja zote,
sijui kwa heshima ya nani.
Kisha akaipua sufuria,
makaa akayaacha yawake bila kazi,
akachukua ndoo mbili tupu
na kushika njia ya kisima cha mlimani,
asiniambie nifuate.

Kabla sijamfuata
nilichota kijiko kimoja cha yale maji, yakiniunguza,
nikayatia kwenye chupa, nikafunga, nikaandika:
Sampuli ya 41. Jikoni.
Imechemshwa dakika ishirini kamili.