Ile Te

Aliandika jina katika daftari langu: Cathal Mulvihill.
Nikalisoma kama lilivyo, nikapotea.
"Kahal," akasema. "Ile te ipo, ila haitamkwi.
Kama mama yangu ndani ya basi."

Mwaka wa themanini na tatu, Digbeth, Birmingham,
chini ya daraja la reli, duka langu upana wa kitanda.
Ufundi wa kodiani niliupata Tanga, klabu ya taarabu,
nikiziba mivukuto kwa gundi na ngozi ya mbuzi.
Huku wateja wangu walikuwa wazee wa Kipolandi na walsi zao.
Kisha akaja huyu, na kodiani iliyolowa bia
hata vitufe vikanata kama kashata.

Baba yake alimwaga zege pale barabara kuu zinapofungana,
zikizunguka kama tambi bakulini.
Baada ya mabomu ya sabini na nne
Waayalandi wa mji huu walinunua mkate kwa kidole.
Huu. Ule pale. Bila neno,
neno lisije likataja lilikotoka.
Cathal ana miaka kumi na mmoja, mama kambana mkono:
fyata ulimi, mwanangu, fyata mpaka tufike.

Alikuja kuufyatua yeye.

Bendi akaiita Saruji Mbichi.
Ngoma moja, filimbi ya bati, gitaa la nyuzi nne kati ya sita,
na yeye, shati limechanika kwapani,
akiimba nyimbo za matanga za bibi yake
kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na mbwa.
Nilikwenda mara moja, ukumbi wa nyuma ya kiwanda cha kastadi.
Bia ilinyesha. Nusu ya maneno sikuyaelewa,
na vijana waliorukaruka nadhani nao vilevile.
Lakini ukutani alisimama mzee mmoja, viatu vina zege,
midomo inacheza, sauti haitoki,
kama anayetafuta funguo gizani.

Wimbo mmoja ulipanda hadi nafasi ya ishirini na saba.
Kwenye televisheni wakamvika kodiani ya kuazima, nyeupe,
akaicheka mbele ya nchi nzima.
Boston. Chicago. Basi lenye vitanda.
Akarudi na koti la ngozi na mikono inayotetemeka.
Pombe si chai, nikamwambia.
"Ndiyo maana chai siinywi."

Mivukuto nilibadilisha mara sita.
Kila mara alilipa nusu, nusu kesho,
na kesho ya Cathal haikuwa na kalenda.
Mpiga ngoma akahamia Kanada. Wa filimbi akaokoka.
Santuri ya nne hakuna aliyeinunua;
maboksi mawili ninayo, nayakalia nikifanya kazi.

Kisha koo.
Wakakata walichokata, wakamwachia tundu na skafu.
Akaja dukani, akaandika: inavuja.
Wewe au kodiani? nikamuuliza.
Akacheka kwa tumbo tu.
Akaketi, akaivuta taratibu,
na baada ya miaka ishirini na sita
nikausikia ule wimbo wa matanga kwa mwendo wake wenyewe.
Treni ikapita juu, bati likatetemeka.
Akangoja.
Ilipokwisha akaendelea palepale alipoachia.

Mwezi wa pili alikuja dada yake, Bríd, na bahasha.
Anadaiwa ngapi?
Pauni mia na kumi na nne, daftari lilisema.
Nikataka kusamehe, akakataa katakata:
dawa ya deni kulipa, hata kwao husemwa hivyo, kwa namna yao.
Kodiani hakuitaka. Ina uvundo, alisema, kama yeye.

Alipotoka nikaandika: imelipwa.
Na jina lote, polepole,
te nikaikoleza wino.